Masizi ya Maziwa ya Tume

Wenye sukari tunajuana. Tukisimulia ugonjwa tunaanza na daktari, tunapita kwa majirani, na kwenye makosa yetu wenyewe tunafika tumechoka. Mimi nitaanza na wifi yangu Tume, mke wa kaka yangu, anayekaa Kulamawe na ngamia wao. Nilimwonea. Nilimwambia watu wakisikia kwamba maziwa yake ni machafu, kumbe uchafu ulikuwa ndani ya jicho langu.

Kazi yangu ni maziwa. Kila asubuhi jerikeni za maziwa ya ngamia hufika hapa mjini, mtaa wa Wabera, kutoka Kulamawe na kwingine, na kabla hayajamiminwa pamoja lazima mtu ayakague. Mtu huyo ni mimi, kwa miaka mingi sasa. Nafungua kifuniko, nanusa, namimina kidogo kwenye bakuli jeupe, natazama. Kama hujawahi kunywa maziwa yetu, jua kwamba chombo chake husafishwa kwa moto. Mama huingiza kijinga kinachowaka, husugua kuta za ndani, kisha hufunika moshi ukae. Ndiyo sababu maziwa hunukia moshi, na mara moja moja utaona chembe nyeusi inaelea. Chembe moja si neno. Chembe nyingi maana yake mama hakupangusa chombo chake, na mimi simpi nafasi mama asiyepangusa.

Basi mwisho wa hagaya, mvua zile fupi, maziwa yakiwa mengi kila mahali, nilimimina ya Tume nikaona chembe saba, nane, zinacheza juu ya weupe kama inzi wadogo. Nilimpigia simu hapo hapo. Nikaweka sauti ya juu ili wanawake wa benchi letu la kupokelea maziwa wasikie, maana mimi nikishikwa na hasira napenda mashahidi.

"Mama Jillo, salaam aleikum. Hii maziwa yako iko na masizi mingi sana leo. Chombo ulipangusa na nini?"

"Aleikum salaam, Mama Talaso. Nimepangusa na mkono yangu mwenyewe."

"Basi mkono imechoka. Nairudisha."

Akasema, "Sawa, wifi," akakata. Kesho yake jerikeni yake haikuja, wala kesho kutwa.

Nilijisifu kwa siku chache. Halafu mama mwingine wa Kulamawe akaleta maziwa, nayo yana chembe. Ya mama wa tatu nayo yana chembe. Nikaziona kwenye chapati, nikaziona kwenye mkeka. Ijumaa moja nilipita karibu na msikiti uliopakwa chokaa mpya, nikainua uso, na ukuta mzima ukawa na masizi yanayoruka. Nikitazama kulia yanakimbilia kulia, nikitazama juu yanapanda nami. Nilisimama pale jua likinichoma utosi, boda zikinipigia honi nitoke njiani. Nilijua. Hakuna aliyehitaji kuniambia.

Wiki mbili sikusema neno. Nilikuwa naogopa, na zaidi ya kuogopa nilikuwa naona aibu. Nikisema jicho langu lina chembe, basi itabidi niseme pia kwamba Tume hakuwa na kosa. Ukitaka kujua mtu mjinga anafananaje, ni mama aliye tayari kupoteza jicho kuliko kuomba msamaha kwa wifi yake.

Ni binti yangu Talaso aliyenigundua. Ni mwalimu huko Chechelesi, na amezoea watoto wanaojifanya wanasoma kumbe hawaoni ubao. Alinyoosha vidole vyake mbele yangu, akafunika jicho langu la kushoto kwa kiganja, akauliza ni vingapi. Nilibahatisha. Hakunigombeza. Alikwenda nje, akakaa kwenye ngazi, na nilipomfuata nikamkuta analia kimya kimya.

Kliniki ya macho nilikuja kuijua kama ninavyolijua benchi letu la maziwa. Ukifika unawekewa matone ya kupanua mboni, halafu unaambiwa fumba macho usubiri. Kwa hiyo ukumbi mzima ni watu waliofumba macho. Tunakaa kwenye foleni, mzee wa Kiturkana, mama wa Kimeru na kikapu chake, mimi na leso yangu, vichwa vimeegemea ukuta, midomo wazi kidogo, tunasubiri kuitwa. Mwanzoni ilinitisha. Baadaye niliipenda hali ile, sitaficha. Mahali pengine pote nilikuwa na kazi ya kujifanya ninaona. Pale sisi sote tulikuwa tumeruhusiwa kutoona, na sauti zilipita juu yetu polepole, viatu vya sista, kikohozi, mlango, jina la mtu.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alisema mishipa midogo nyuma ya jicho la kulia inavuja kwa sababu ya sukari, na la kushoto limeanza kidogo. "Mama, nitakwambia wazi. Tukichelewa, hili la kulia litazimika. Na la kushoto litalifuata."

"Mimi nakagua maziwa, daktari," nikasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

"Basi tukutibu uendelee kukagua."

Sindano ya kwanza niliipata kiangazi kilipoanza, ile tunayoiita bona, vumbi likiwa limeshika kila kitu. Ndiyo, sindano huingia kwenye jicho lenyewe. Nikwambie ilivyo: matone ya ganzi, kitambaa chenye tundu, sauti inayosema tazama juu, kisha uzito kama mtu amebonyeza kidole. Haiumi unavyodhani. Kisha nikaona kitu kama mpira mdogo mweusi, umezungukwa na mwanga, unaelea chini ya jicho na kutikisika nikitikisika. Ulikaa nami siku mbili. Nilirudi nyumbani kwa boda nimejifunika leso usoni, na kwa sababu ya yale matone mji wote ulikuwa mweupe, watu hawana kingo, punda anatokea ndani ya mwanga na kupotea ndani ya mwanga. Nilijisikia kama niko ndani ya bakuli langu mwenyewe la maziwa.

Sasa nije kwenye kosa la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Siku ile ya sindano, tukiwa kwenye foleni tumefumba macho, mzee mmoja alimuuliza sista swali. Alisema amesikia kwenye redio kwamba bakteria wa tumboni wanahusika na macho ya watu wa sukari. Je, ni kweli?

"Wataalamu wanachunguza, mzee," sista akajibu. "Wanaona kama bakteria ya tumbo ya watu wengine wa sukari imebadilika, na pengine kuna uhusiano na macho. Lakini bado hawajajua vizuri. Wewe shika dawa yako, shika siku zako za kuja."

Mzee akashukuru, na nadhani alirudi kwake akaendelea kama alivyoambiwa. Mimi ndiye niliyeondoka na nusu ya jibu. Mtu wa maziwa ukimtajia bakteria, kichwa chake kinakwenda mahali pamoja tu. Tumefundishwa kwenye semina, tumefundishana kwenye benchi: bakteria ndio wanaoharibu maziwa, na chombo chenye bakteria kinamwagwa, kinaoshwa kwa maji moto, kinachomwa kwa kijinga. Nilikuwa nimekaa wiki nyingi nikilaumu jicho, kumbe chombo kilichooza ni tumbo! Na kusafisha chombo ni kazi yangu, hainihitaji daktari.

Niliwaza hilo wiki tatu, kisha nikaanza. Nilichemsha shubiri, ile chungu inayoota kando ya njia, nikanywa asubuhi na jioni mpaka tumbo likawa halina la kutoa. Nilinunua tembe za kuua bakteria bila kuandikiwa na mtu, nikazimeza juu ya shubiri. Chakula nilikigusa tu, kwa maana nani anaweka maziwa mapya kwenye chombo ambacho hajamaliza kukiosha? Ila tembe za sukari niliendelea kuzimeza kama kawaida, nikijiona mgonjwa mwenye nidhamu.

Na siku ya sindano ya pili ilipofika sikwenda. Nilimwambia Talaso kwamba wameisogeza mbele. Mume wangu, Baba Talaso, ambaye si mtu wa maneno, alinitazama kwa muda mrefu akasema, "Umekonda." Nikamjibu kwamba ninajisafisha. Alichukua kikombe chake akaenda kukaa nje.

Nilijisikia mwepesi siku zile, hilo ni kweli. Nilitembea kama mtu anayeota. Sauti zilinifikia kutoka mbali, jua la bona lilikuwa na pindo za rangi, na nilidhani huko ndiko kupona.

Asubuhi ya siku ya tisa ya kujisafisha niko kwenye benchi, jerikeni zimefika, nikainama kufungua kifuniko. Jasho likanitoka, baridi, la ghafla. Nikajikuta nimelala chini. Nilisikia mmoja wa wanawake anasema, "Sukari yake imeshuka, leteni sukari, haraka!" na vidole vikapakaza sukari ndani ya shavu langu. Sukari, adui yangu, ndiyo iliyonirudisha. Nikainuka, na tumbo lile tupu likaanza kunitapisha, natapika hewa, najikaza, mishipa ya shingo imenisimama. Ndipo jicho la kulia lilipofanya kile kitu.

Umewahi kumimina chai ya rangi kwenye maziwa bila kukoroga? Inashuka kama uzi, inajikunja, inatanda taratibu mpaka weupe wote umeondoka. Hivyo ndivyo damu ilivyoingia kwenye jicho langu. Haikuuma hata kidogo. Ilikuwa nzuri kutazama, Mungu anisamehe, na niliitazama mpaka mwisho, mpaka wekundu ukawa kahawia na kahawia ikawa kiza. Kisha nikapiga kelele.

Daktari hakunikaripia. Aliniuliza tu nilichokunywa, nami nikamweleza yote, shubiri, tembe, chombo, kijinga.

"Mama, hakuna mtu amesema tumbo lako liuawe," akasema. "Hizo ni habari bado zinachunguzwa. Shubiri haifiki kwa jicho. Sasa damu itulie kwanza. Lala kichwa kikiwa juu, usiiname, usibebe kitu. Tutaona ikiwa itaisha yenyewe."

"Na isipoisha?"

"Tutaongea wakati huo."

Basi nikakaa. Sijui kama umewahi kukaa kwa kazi ya kukaa. Mito mitatu mgongoni, dirisha upande wa kushoto, na upande wa kulia ukuta wa kahawia uliokuwa ndani yangu mwenyewe. Benchi lilipata mkaguzi mwingine. Talaso alipika bila kunisemesha, maana nilikuwa nimemdanganya kuhusu siku ya sindano, na kwake uongo ni mzito kuliko ugonjwa. Nililia mchana, wakiwa hawapo.

Siku ya nne nilisikia mlango na harufu ikaingia kabla ya mtu. Moshi, ngozi, maziwa yaliyoganda. Sikuhitaji jicho.

"Nagaa, Mama Talaso," Tume akasema, salamu yetu ya amani.

Alikuwa amekuja na gorfa yake, kile chombo cha kusukwa cha kugandishia maziwa, na mzigo wa nguo wa wiki mbili. Nilitaka kusema lile neno hapo hapo. Nikafungua mdomo: "Wifi, ile siku ya simu..."

"Wacha."

"Nataka tu..."

"Nimesema wacha. Utaniomba msamaha ukiwa unaniona na jicho hilo la kulia. Sitaki kuombwa na mtu anaangalia ukuta."

Akaanza kufagia. Ndivyo alivyokaa, akinihudumia kama mtoto na kunikatalia lile neno kila nilipolikaribia. Ninampenda kwa hilo sasa. Wakati ule nilitaka kumrushia mto.

Mchana, joto likiwa limelaza mji, alikaa karibu yangu na kuniambia anachofanya, kwa kuwa aliona sauti inanisaidia. Leo namwaga maji ya juu. Leo naongeza maziwa mapya. Nilisikiliza nusu nimelala. Ndani ya jicho vivuli vilisogea, na mara nilikuwa msichana kwenye visima, ngamia wananyweshwa, wanaume wanaimba chini ndani ya kisima na ndoo zinapanda zenyewe. Nikazinduka nikamuuliza, "Hiyo gorfa hujaichoma tangu ufike?"

"Kuchoma?" akacheka. "Abo! Iko na maziwa ndani. Gorfa unachoma mara moja, kabla ya kuanza. Ikishaanza kugandisha, unaongeza mapya juu ya ile ya jana, unaacha. Ukichoma katikati umeua, haigandi tena. Si wewe ndio mama wa maziwa?"

Nilikuwa mama wa maziwa, na nilikuwa nimekijua kijinga maisha yangu yote, nikasahau kwamba kuna vyombo visivyochomwa. Nilikuwa nimelichoma tumbo langu katikati.

Usinielewe vibaya. Sikuandika haya ili ukimbilie maziwa ya kuganda badala ya shubiri. Nilimuuliza daktari hilo nilipokuwa na adabu ya kuuliza. Alisema nikiyapenda ninywe kwa kiasi, lakini nisiyaite dawa ya jicho. Dawa ya jicho langu, akasema, ni sukari kukaa chini na mimi kuja siku niliyoambiwa. Mambo ya tumbo na macho, wanaojua watakapojua, watatuambia. Nimejifunza kuliacha jambo lisilojulikana likae lilipo.

Mvua kubwa, ganna, zilianza Tume akiwa bado kwetu. Ukuta wa kahawia ulianza kushuka kama vitu vinavyotulia chini ya chungu. Kwanza, nikifunika la kushoto, nikaona kwamba dirisha ni dirisha. Kisha mtu aliyesimama mlangoni, bila uso. Nilipata sindano ya pili, ile niliyoikimbia, na Tume akarudi kwa ngamia wake. Kisha tukapanda Meru kwa ajili ya leza, ule mwanga wa kutibu jicho, mimi na Talaso. Barabara ilipanda kwenye ubaridi na ukungu, mashamba yakawa kijani tupu, na ndani ya chumba cha giza mwanga wa leza nao ulikuwa kijani, tap, tap, tap, mpaka sikujua tena kijani ipi ni ya milima na ipi ya mashine. Iliuma kidogo, kama kuumwa na jino mbali sana. Talaso alinishika mkono tukirudi. Tulipopita yale mashamba alisema, "Usinidanganye tena, Mama." Nikamwambia sitamdanganya. Tangu siku hiyo tunaongea.

Kulikuwa na rehema ndogo nyingine. Baba Talaso, ambaye maisha yake yote amekunywa chai yenye sukari vijiko vinne, alianza kunywa chai chungu. Hakuna aliyemwambia. Nilipomuuliza alikunja uso akasema ni tamu zaidi hivyo. Ameendelea mpaka leo, na kila asubuhi anakunja uso vilevile.

Sindano ya tatu, ya nne. Mvua zikaisha, adolesa, majira yetu ya baridi, ikaingia, upepo ukapita kwenye mabati. Daktari alitazama nyuma ya jicho, akakaa kitako. "Imekauka, haivuji tena," akasema. Akaongeza kwamba haimaanishi nimemaliza, nitaendelea kuja pengine kwa miaka. Najua. Pembeni kabisa jicho la kulia halioni vizuri, na jioni watu huwa vivuli mapema kuliko zamani. Hayo nimeyakubali.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye benchi. Jerikeni za Kulamawe zilifika, na nyuma yao akashuka Tume mwenyewe, amebeba ya kwake mkononi. Ilikuwa ya kwanza tangu ile siku ya simu. Aliiweka mbele yangu bila salamu. Wanawake wakasogea karibu, wale wale waliosikia ile sauti ya juu.

Nilifungua kifuniko. Nilinusa. Nikamimina kwenye bakuli jeupe, nikafunika jicho la kushoto kwa leso, nikatazama kwa lile la kulia peke yake. Weupe ulikuwa weupe. Kisha nikaiona, karibu na ukingo, chembe moja nyeusi. Nilisogeza jicho kulia. Haikusogea. Nikasogeza kushoto. Ilikaa pale pale ilipo, kwenye maziwa.

"Mama Jillo," nikasema, "hii maziwa yako iko na masizi."

"Ngapi?"

"Moja."

"Angalia vizuri."

"Moja tu, wallahi. Na haitembei."

Alishusha pumzi. "Hiyo moja nimeiacha makusudi," akasema. "Nilitaka kujua kama utaiona."

Niliondoa leso. Niliinua uso nikamtazama, mikunjo ya kando ya macho, jino lake lililovunjika, vumbi la safari kwenye nyusi, vyote, na ndipo nilipomwomba msamaha.